Namba Niliyoiacha Gerezani

Nimerudi Dar es Salaam baada ya miaka tisa Ujerumani, nikiwa nimejiandaa kukuta mengi yamebadilika: barabara za juu pale Tazara na Ubungo, mabasi ya mwendokasi, na Mwenge ambayo ilinibidi niulize njia kama mgeni. Sikuwa nimejiandaa kukutana na kazi yangu mwenyewe ya mwaka 2014, mfumo wa kompyuta wa kuandika mauzo ya duka, ikiwa bado inatumika, na kosa nililolitia kwa mkono wangu likiwa bado limo ndani yake.

Wiki ya pili nilikwenda Gerezani, mtaa wa jirani na Kariakoo, kumnunulia mama kitasa cha mlango, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo nimelijua tangu nikiwa mwanafunzi. Kijana wa kaunta alinikaribisha vizuri, kisha akaandika mauzo yangu kwa kalamu nyekundu kwenye kaunta buku, ilhali kompyuta ilikuwa inawaka pembeni yake. Nilipochungulia nikauona ukurasa wa kijani nilioutengeneza mimi, na juu kabisa, mbele ya maneno “Mauzo ya Mwaka”, ilikuwepo namba 2,147,483,647. Nikamuuliza mbona haingizi mauzo humo.

“Dada, ikishafika hapo huwa haisogei tena mpaka Januari,” alinijibu. “Sisi tunajua ndicho kikomo kilichowekwa na serikali. Ikigota tunahamia kwenye daftari.”

Nikamuuliza aliyeutengeneza mfumo huo yuko wapi. Akasema ni dada mmoja wa chuo, aliyekwenda Ulaya akapotelea huko.

Mhandisi wa programu atakuwa ameshaitambua namba ile. Unapoiambia hifadhidata, yaani programu inayotunza data, itenge biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) kwa ajili ya namba nzima, biti moja inatumika kutofautisha hasi na chanya, na 31 zinazobaki haziwezi kuhesabu zaidi ya 2,147,483,647. Ndiyo namba hiyohiyo itakayozikwamisha kompyuta zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32, ifikapo tarehe 19 Januari 2038. Toleo la hifadhidata ya MySQL nililolitumia wakati ule, kwa jinsi nilivyoliacha, lilikuwa likipokea namba kubwa kuliko nafasi yake linaikata ifikie kikomo na kuendelea kimya, bila kusimama wala kumwonyesha muuzaji kosa lolote. Duka lilipokuwa dogo halikukaribia kiasi hicho. Lilipoanza kupeleka nondo na mabati Lindi na Mtwara, mauzo yakavuka bilioni mbili kabla mwaka haujaisha.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuliona jambo hilo. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikafaulu, nikaingia chuo mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kufika Dar es Salaam, nasi tulijiona kizazi chenye bahati. Tulikuwa wanne kwa kompyuta mpakato moja iliyonunuliwa kwa bumu, fedha zetu za mkopo wa chuo, na jioni tulikwenda Buni, kituo cha wabunifu kwenye jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia pale Kijitonyama, kutafuta intaneti na watu wa kutuelekeza. Tulisoma kwa bidii. Hata hivyo, kila zoezi la hifadhidata nililolifanya kwa miaka minne lilikuwa la duka linalouza kitabu kwa dola 19 na senti 99. Katika hesabu za namna hiyo, bilioni mbili ni utajiri usiofikirika. Kwa shilingi, ni mwaka mmoja wa mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo, na hakuna aliyewahi kutupa zoezi la shilingi. Naliona hilo ni kosa kubwa la ufundishaji wetu, nalo linaniuma kuliko uhaba wa vifaa ambao watu wa rika langu hupenda kuusimulia.

Mwenye duka, mzee mpole ambaye sasa ni marehemu, alinilipa shilingi 600,000 kwa mafungu matatu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya malipo, na ndiyo niliyoitaja kwanza katika barua ya kuombea nafasi ya shahada ya uzamili. Mwaka 2015 nikaondoka bila kumwachia maelezo yoyote ya maandishi. Mwanawe ameniambia kwamba miaka kadhaa iliyopita waliita kijana fundi, akaufungua msimbo wangu, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kukuta majina kama jumla2, jumla3 na jumlaMpya, yote yakiwa hai, bila sentensi hata moja ya kueleza ipi inafanya nini. Akaufunga, akaomba nauli, akaondoka.

Wakati huohuo mimi nilikuwa Berlin, nikilipwa vizuri kuandika msimbo ambao haukuruhusiwa kutumika mpaka mwenzangu ausome mstari kwa mstari na kuuelewa. Nidhamu hiyo nilijifunza mapema, na katika miaka yote tisa sikuwahi kupiga simu Gerezani.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza, msijivunie mfumo mliomtengenezea mtu ilhali akibaki peke yake hawezi kuutumia. Andikeni maelezo kwa Kiswahili ndani ya msimbo wenyewe, kwa sababu atakayeufungua baada yenu ni fundi wa Kariakoo. Ujazeni mfumo kwa mauzo ya shilingi ya miaka kumi kabla ya kuukabidhi. Nanyi mlioko nje, mpigieni simu mteja wenu wa kwanza leo, hata kama mnaona aibu.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua chini ya saa moja: nilinakili data yote kwenye flashi, nikaibadilisha safu ile ya jumla kuwa ya biti 64, ambayo inabeba tarakimu 19, nikaujaribu mfumo. Kazi iliyobaki ni madaftari. Mwana wa marehemu aliyatoa chini ya kabati yakiwa saba, yamefungwa kwa kamba ya katani, la kwanza likianzia tarehe 9 Oktoba 2018. Kila Jumamosi mchana nakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, kijana ananisomea, mimi naingiza. Jumamosi iliyopita tulifika Novemba 2019.