Maganda ya ndizi na sufuria ya maharage

Kilo 100 za maganda mabichi ya ndizi zikikauka vizuri hubaki 12 hivi. Zikichomwa ziwe mkaa, unaambulia kama 4. Hesabu hiyo niliipiga baada ya kusukuma mkokoteni miezi miwili kutoka soko la Mabibo, Dar es Salaam.

Nilivutwa na taka za bure. Nikaanika uani, nikajaza pipa la lita 200 nililotoboa chini, nikawasha. Moshi mzito mweupe ni maji yanatoka, uache. Ukiwa mwembamba wa kibuluu, funika juu, ziba chini kwa udongo, hewa isipite. Mara ya kwanza niliziba vizuri kabisa, kisha kiherehere kikanishika: saa nne usiku nikafunua nichungulie. Ndani kulikuwa bado na moto. Asubuhi nikakuta pipa la majivu. Siku hizi nalala, nafungua kesho yake pipa likiwa baridi.

Kazi kubwa zaidi ni kuchambua. Ndani ya kiroba cha maganda utakuta kamba za nailoni, mifuko, hata kandambili. Plastiki ikiponyoka, moshi wake ni sumu na unaingia kwenye chakula cha watu. Namwaga kila kiroba juu ya turubai na kupitia kwa mkono.

Wakuna nazi ndio walioniokoa. Vifuu vyao ni vikavu tayari na mkaa wake ni mgumu. Sasa nachanganya mkaa wa vifuu madebe 2, wa maganda debe 1, na chenga ninazofagia kwa wauza mkaa debe 1. Natwanga, nachekecha, kila kilo 20 za unga huo naufinyanga na uji mzito wa kilo 1 ya unga wa muhogo. Kisha napitisha kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama, vinatoka vipande vya mkaa. Kijana mmoja wa chuo aliniuliza kwa nini nisitoe umeme kama kiwanda cha Reppie, Addis Ababa, kilichozinduliwa 2018 kuchoma taka za jiji. Nikamwonyesha hiyo mashine ya nyama.

Vipande vikikauka siku tatu au nne, nadondosha kimoja sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Kikipasuka, uji ulikuwa mwepesi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama ntilie wa mtaani kwetu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Ndio huo mkaa wako wa jalalani? Mwanangu, utanichelewesha chai.”

Kweli ulimchelewesha, haushiki moto upesi. Ila alipobandika maharage hakuongeza mkaa mpaka yakaiva. Alilalamikia majivu tu, inabidi jiko likung’utwe. Sasa chai anapikia mkaa wa kawaida, maharage wangu. Wakaanga chipsi siwafuati kabisa, wao wanataka moto mkali papo hapo. Na kila anayenunua namwambia asiupikie chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua kama ya mkaa mwingine wowote.

Serikali ilipozitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo Januari 2024, mpishi wa shule moja alinipigia. Alitaka magunia 10 kwa wiki. Mimi natoa 2, jua likiwaka; masika hata moja ni bahati. Nikamwambia hivyo hivyo. Akayachukua hayo 2.