Niambie Ulichokisikia, Marekebisho Niachie

Katika kundi letu la watayarishaji wa muziki wa ridhaa, ambao wengi tunaishi Dodoma mjini na wengine Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, hakuna anayelipwa kwa kusikiliza kazi ya mwenzake. Mmoja ni fundi umeme, mwingine ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mwingine anauza vifaa vya simu jirani na soko la Majengo, na mimi mchana ni mhasibu. Usiku kila mmoja hufungua kompyuta yake, akapanga mdundo, akarekodi sauti ya msanii wa mtaani kwake, kisha akatuma wimbo kwa wenzake kwa WhatsApp au Telegram na kusubiri maoni. Hakuna kati yetu mwenye fedha za kumpelekea kila wimbo mhandisi wa sauti wa Dar es Salaam, na vyumba tunavyofanyia kazi ni vya matofali ya saruji na bati, ambavyo hurudisha mwangwi hata baada ya kutundika mablanketi ukutani. Kwa hiyo masikio ya wenzetu ndiyo chombo cha kupimia tulicho nacho, na namna tunavyoyatumia ni jambo ninalolijali sana.

Maoni yanayokuja kwa wingi zaidi ni yale ya neno moja au mawili: kali, moto, umeua mwamba. Siyadharau. Kijana anayetuma wimbo wake wa kwanza baada ya kuufanyia kazi usiku mwingi anahitaji kusikia kwamba kuna mtu aliyeufungua na kuufurahia. Hata hivyo, mwenye kazi hawezi kufanya lolote na maoni hayo, kwa sababu hayamwambii ni kipande kipi kilichompendeza msikilizaji ili akilinde asije akakifuta katika toleo linalofuata.

Aina ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ina sura ya utaalamu. Ni yale maoni yanayotoa amri: ongeza besi, punguza ngoma, weka Auto-Tune (programu ya kunyoosha noti za mwimbaji), sauti iwe mbele. Anayeandika hivyo amesikia kitu kweli, lakini ameruka hatua. Hakusema alichokisikia, ametuma moja kwa moja dawa aliyoifikiria, na mara nyingi dawa hiyo hutokana na kifaa alichosikilizia au na mazoea ya masikio yake, wala haitokani na wimbo wenyewe.

Chukulia suala la besi. Mwenzetu mmoja wa Nkuhungu alituma wimbo wa bongo fleva wenye besi nzito inayozunguka kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Watu watatu wakamjibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba besi haipo na aiongeze. Akaiongeza. Wimbo ulipochezwa kwenye spika kubwa za sherehe, besi ilimeza sauti ya mwimbaji yote, na watu wakadhani spika zimeharibika. Wale watatu hawakusema uongo, kwani wote walikuwa wamesikiliza kwa spika ya simu, na spika ya simu ni ndogo mno kuweza kusukuma hewa inayohitajika kutoa sauti ya hezi 50. Laiti mmoja angeandika, “Kaka, nimesikiliza kwa simu bila hedifoni, na kuanzia sekunde ya 40 sisikii besi kabisa,” mwenye wimbo angejua mara moja tatizo liko wapi. Suluhisho halikuwa kuongeza besi hata kidogo. Ilitosha kuikwaruza kidogo kwa programu ya kukoleza sauti ili izalishe mitetemo ya juu yake, kwenye hezi 100, 150, 200 na kuendelea. Simu ikitoa mitetemo ile ya juu, ubongo wa binadamu hujaza wenyewe ile noti ya chini isiyosikika, na msikilizaji huamini kwamba ameisikia besi.

Tangu hapo ninawaomba wenzangu wanitajie kifaa kwanza, kabla ya neno lingine lolote: simu, hedifoni za waya, redio ya gari, spika ya baa. Ninaomba pia waniambie walisikiliza kwa sauti kubwa au ndogo, kwa kuwa sikio lenyewe halisikii kwa usawa. Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Laboratories nchini Marekani, walichapisha mwaka 1933 vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza zaidi sauti za chini kabisa kuliko zile za katikati. Wengi wetu tunasikiliza saa tano usiku, watoto wamelala na jirani yuko nyuma ya ukuta mmoja, kwa hiyo sauti tunaipunguza. Mtu anayetoa hukumu ya besi katika hali hiyo anaihukumu saa ya usiku.

Jambo hilohilo la ukubwa wa sauti huharibu ulinganishaji. Mtu akituma matoleo mawili ya wimbo mmoja na kuuliza lipi bora, wengi watachagua lile lenye sauti kubwa kidogo, hata tofauti ikiwa desibeli moja au mbili tu, na watatoa sababu nzuri sana ambazo hazihusiani na ukubwa wa sauti: litaitwa safi, litaitwa lenye uhai. Ni lazima mtumaji asawazishe matoleo yote mawili kabla ya kuyatuma. Vijana wanaokaza nyimbo zao mpaka mawimbi yanakuwa tofali moja lililonyooka wakidhani watawashinda wengine kwa kelele, nao wajue kwamba Spotify kwa kawaida hushusha wimbo wenye sauti kubwa hadi karibu na LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), hivyo kilichobaki kwao ni wimbo uliobanwa ambao sauti yake si kubwa kuliko ya jirani.

Lakini mahali ambapo nimeona wazi zaidi tofauti kati ya kusema ulichokisikia na kutoa amri ni katika nyimbo zinazotumia ala za Wagogo, wenyeji wa hapa Dodoma. Nimekuwa nikitengeneza wimbo wenye ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole) na zeze la nyuzi, ala ambazo nilizirekodi kwa mzee mmoja wa Chamwino akipiga chini ya mti nje ya nyumba yake, kabla upepo wa mchana haujaanza. Juu yake nikaweka kinanda cha kompyuta, mdundo wa taratibu na sauti ya binti anayeimba kwa Kiswahili. Maoni yalikuja haraka. Wa kwanza akasema ilimba iko nje ya noti, niirekebishe kwa programu. Wa pili akasema kuna mkoromo kwenye ilimba, niusafishe. Wa tatu akakubaliana na wote wawili.

Mkoromo ule si uchafu. Ubao wa ilimba hutobolewa tundu, na juu ya tundu hilo mtengenezaji hubandika utando mwembamba anaoutoa kwenye viota vya buibui, ili kila kijiti cha chuma kinapobonyezwa na kidole utando utetemeke na kuipa noti ule mlio wa kukoroma. Mpigaji hutafuta utando unaofaa na kuubadilisha ukichanika. Kuuondoa mlio huo kwa kompyuta ni kuondoa kitu ambacho mwenye ala alikiweka kwa makusudi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba mbali, na rekodi zake zilizotolewa na Real World Records ya Uingereza zinapatikana kwa yeyote mwenye intaneti. Mtu akizisikiliza kabla ya kutoa maoni kuhusu ilimba, atakuwa na kipimo kinachofaa, na hatapima kwa gitaa.

Suala la noti ni kubwa zaidi. Kinanda cha kompyuta hugawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100, senti hapa ikiwa ni kipimo cha umbali kati ya noti. Muziki wa Wagogo, katika uimbaji wa sauti nyingi na katika ala, hufuata kwa karibu mitetemo ya asili ambayo uzi au sauti yoyote huizaa juu ya noti yake ya msingi: wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Mtetemo wa tano ukilinganishwa na noti ya kinanda iliyo karibu nao uko chini kwa senti 14, na wa saba uko chini kwa senti 31, yaani karibu theluthi ya hatua nzima ya kinanda. Sikio lililolelewa na kinanda cha kanisani na nyimbo za redio husikia noti hiyo ya saba kama iliyopotoka. Sikio lililolelewa Chamwino au Mvumi husikia noti ya kinanda kama ndiyo iliyopotoka. Kwa hiyo anayeniambia niinyooshe ilimba ananitaka nifute mfumo mzima wa muziki wa watu wa hapa kwa kubonyeza kitufe kimoja, naye hajui kwamba ndicho anachokitaka.

Maoni yaliyonisaidia yaliandikwa na yule mwanafunzi wa chuo, katika sentensi mbili tu. Alisema kwamba kwenye dakika 1 na sekunde 12 kinanda na ilimba zinagombana, na kwamba kabla kinanda hakijaingia hausikiki ugomvi wowote. Hakuniambia nifanye nini. Hakusema nani kati ya wawili hao ana makosa. Alinionyesha mahali na akanieleza hali, na kwa kuwa aliona kwamba ugomvi huanza pale kinanda kinapoingia, jibu lilijitokeza lenyewe. Nilizishusha zile noti mbili za kinanda, moja kwa senti 14 na nyingine kwa senti 31, jambo ambalo FL Studio na programu nyingine za kutengenezea muziki zinaliwezesha bila shida, na sehemu moja nikakiondoa kinanda kabisa, zeze likabaki peke yake. Wale watatu wa mwanzo waliposikiliza tena, wawili walisema nimeirekebisha ilimba vizuri. Ilimba sikuigusa.

Ninataka pia kumtaja, bila jina, dada mmoja wa Mpwapwa ambaye hatengenezi midundo kabisa. Ni mwalimu wa kwaya, na aliingia kwenye kundi kupitia mdogo wake. Wengi hapo mwanzo walijiuliza atasema nini kuhusu kompresa na ikwalaiza, zana za kubana na kusawazisha sauti. Naye hasemi lolote kuhusu hizo. Huandika mambo kama, “Mwanangu, ubeti wa pili mstari wa tatu sikulipata neno la mwisho,” au, “Sauti ya kati kwenye kiitikio inapotea pale wanaume wanapoingia.” Mtu aliyezoea kusimama mbele ya soprano, alto, teno na besi kila Jumamosi alasiri, akisikiliza ni nani aliyeteleza, ana sikio ambalo programu yoyote ya kompyuta haiwezi kuliuza. Kila anapotuonyesha mahali, tatizo huwa lipo kweli, hata kama sababu yake ni tofauti na tunavyodhani. Mara nyingi neno lisilosikika huwa limefunikwa na kinanda kwenye hezi 300 hivi, ambako sauti za kiume na vinanda hujazana na kufanya tope.

Kuhusu namna ya kutuma, nitasema kwa ufupi. Asiyetaka kupotosha masikio ya wenzake asicheze wimbo kwenye spika kisha akaurekodi kwa ujumbe wa sauti, kwa maana hapo tunasikiliza kipaza sauti cha simu yake na chumba chake. Wimbo wa dakika 4 katika faili la WAV la ubora wa CD hufikia megabaiti 40, na bando ni fedha, kwa hiyo MP3 ya kilobiti 320, isiyofika megabaiti 10, inatosha kabisa kwa maoni. Faili liandikwe jina na namba ya toleo, ili mtu asije akatoa maoni juu ya kazi ya juzi.

Upande wa anayepokea nao una wajibu, na wajibu wake mkubwa ni kuuliza. Anayetuma wimbo na kuandika “naomba maoni” tu atapata chochote. Anayeandika kwamba kiitikio kinamtia shaka, na kwamba anataka kujua kama mwimbaji anasikika kwenye redio ya gari, atapata jibu la kiitikio na la redio ya gari. Akipewa amri badala ya maelezo, amuulize aliyeitoa kwa adabu: kaka, ulisikia nini hasa, na wapi? Katika kundi letu swali hilo limebadilisha mazungumzo mengi, kwa sababu mtu akirudi kusikiliza ili alijibu, mara nyingi huona kwamba alichokiita ngoma nyingi kilikuwa ni snea moja tu, ngoma ndogo yenye mlio mkali, inayoumiza sikio, au hakikuwa ngoma kabisa.

Wiki hii nimetuma toleo jipya la wimbo uleule, safari hii likiwa na ngoma za muheme zilizopigwa na akina mama wanne. Hazifuati mpigo wa kompyuta. Zinakaza mwendo waimbaji wanapokaribia kiitikio na kulegea baadaye, na sikuzikata wala kuzipanga kwenye mistari, ila mdundo wa kompyuta ndio nilioulazimisha uwafuate akina mama. Swali nililowaandikia wenzangu ni moja: kati ya dakika 2 na dakika 2 na sekunde 30, je, mwili wako unaendelea kucheza au unasita? Majibu mawili yamekwisha kuja. Fundi umeme, aliyesikiliza kwa redio ya bajaji akielekea Nzuguni, anasema hakusita. Mwalimu wa kwaya anasema alisita mara moja, kwenye sekunde ya 18, na usiku huu ninafungua kompyuta kwenda kusikiliza hapo.