Hilo jibu ni lako, au ulipewa?

Jumapili usiku.

Leo ni siku ya tano na swali hilo bado halijanitoka. Nimelilalia, nimeliamkia. Ijumaa kazini nilisoma mstari mmoja wa hesabu mara nne bila kuuona, kwa sababu akili yangu ilikuwa kule ukumbini, mezani, nimenyoosha mgongo, najibu.

Mnaoijua nyumba yetu mnakumbuka nilivyoingia kwenye kozi hii. Baba watoto ndiye aliyekuja na kile kikaratasi cha mwaliko, amekikunja mara mbili, akaniuliza kama naweza kumsindikiza. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sijamsukuma kwenda kanisani hata mara moja. Nilimwahidi marehemu baba kwamba sitamsukuma. Kwa hiyo siku ile niliitikia kabla hajamaliza kusema, nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Kozi yenyewe ni Alpha, ya kuijua imani ya Kikristo tangu mwanzo. Mnakula pamoja, mnasikiliza somo la kama nusu saa, halafu mnabaki mnaongea, meza ileile na watu walewale wiki zote. Hakuna swali linalokatazwa. Kiongozi wa meza hahubiri wala hasahihishi mtu; anauliza tu, "Wewe unaonaje?" kisha ananyamaza. Kwa mtoto wa mwinjilisti, huko kunyamaza ni mtihani. Wiki mbili za kwanza niliuma meno. Nilijiambia mimi ni msindikizaji, hii si ya kwangu, ni ya wale ambao hawajasikia.

Jumanne somo lilikuwa: kwa nini Yesu alikufa?

Kijana anayekaa karibu na dirisha alisema wazi kwamba hapo ndipo anapokwama. Baba gani anamtoa mwanawe afe, halafu sisi tuambiwe huo ni upendo? Alisema kwa uchungu, si kwa kejeli. Mzee wetu wa meza akauliza, "Wengine mnaonaje?" Kimya. Sekunde kumi, labda na zaidi. Sikuweza kuvumilia, nikajibu.

Nilijibu lote. Dhambi, mshahara wake, haki ya Mungu na upendo wake vinavyokutana msalabani. Nikamalizia na Isaya 53, alijeruhiwa kwa makosa yetu, alichubuliwa kwa maovu yetu, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Nilisema vizuri. Yote yalikuwa kweli na bado ni kweli, sifuti neno.

Ndipo yule binti anayekaa mbele yangu, yule mwembamba ambaye wiki zote mbili hakufungua kinywa ila kusema ahsante, akaniangalia akasema:

"Dada, hilo jibu ni lako, au ulipewa?"

Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alikuwa anauliza.

Mzee hakuniokoa. Nilimtazama, naye akanitazama kwa upole, akasubiri pamoja na wengine. Kijiko cha mtu kiligusa sahani. Nikasema, "Ni jibu la Biblia." Binti akaitikia kwa kichwa. "Sawa." Maongezi yakarudi kwa kijana wa dirishani.

Ile "sawa" ndiyo iliyoniuma zaidi. Ingekuwa ubishi ningeushika. Neno dogo kama lile unalishikia wapi?

Tukiwa njiani nilimuuliza baba watoto, "Umesikia alivyonisema yule binti?" Akatembea hatua kadhaa. "Nimesikia swali," akasema. Basi.

Tangu hapo najibu upya. Nikiosha vyombo najibu. Kwenye foleni najibu. Kuna jibu ambalo ndani yake mimi ni mnyenyekevu na binti anaguswa. Kuna lingine ambalo ndani yake ninamuuliza, na wewe je, la kwako liko wapi? Wiki hii baba mkwe ametoka hospitali anatembea mwenyewe, tumefunga hesabu za mwaka bila hitilafu, na mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike, na kati ya yote hayo mimi nimekaa na maneno sita ya mtu nisiyemjua hata jina la baba yake.

Na kupewa kuna ubaya gani? Hilo ndilo ningependa kumwambia. Imani hii yote imepokelewa. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho, anasema aliwatolea yale aliyoyapokea yeye naye, ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Aliyapokea! Kama Paulo hakuona aibu kusema alipewa, mimi nione ya nini?

Mimi nilipewa na baba. Nilikuwa na miaka sita, pengine saba. Jioni alinikalisha mezani, taa katikati yetu, akanifundisha mstari neno kwa neno, na kila neno akiligonga mezani kwa kifundo cha kidole cha shahada. Ali-je-ru-hi-wa. Tok, tok. Nikikosea hakukaripia, alirudisha kidole mwanzo tu. Kidole kile kilikuwa na kovu jeupe lililozunguka kama pete. Mstari ukishaingia alifunga Biblia na kusema, "Huo sasa ni wako."

Ni wako. Alisema hivyo baba. Sasa huyu binti anataka nini kwangu?

Jumanne usiku, nimerudi.

Niliyaacha hayo ya juu bila kuyamaliza kwa sababu niliinuka kwenda kutafuta mstari. Nilitaka kumpelekea binti maneno ya Paulo yakiwa na sura na aya. Nikafungua Biblia ya baba, na ikafunguka mahali pengine kabisa, Yohana 18, kwa sababu wiki ya pili niliacha pale ile picha tuliyogawiwa.

Picha ni ya kipande cha mafunjo, ile karatasi ya kale ya Misri, chenye maneno ya sura hiyohiyo. Wiki ile somo lilikuwa juu ya Yesu ni nani, na tukaongea sana kuhusu maandiko yametufikiaje. Kipande chenyewe kimehifadhiwa katika maktaba ya John Rylands, mjini Manchester. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920, kikakaa bila kutambuliwa hadi msomi mmoja, Colin Roberts, alipokisoma na kukitangaza mwaka 1935. Ni kidogo, kama sentimita 9 kwa 6, kinaenea kiganjani. Wataalamu wengi wanakiweka katika karne ya 2, na kwa hiyo kinahesabiwa kati ya mabaki ya zamani kabisa tuliyonayo ya Agano Jipya. Upande mmoja una vipande vya aya ya 31 hadi 33 za sura hiyo, upande wa pili 37 na 38. Ni Yesu mbele ya Pilato.

Usiku ule nikasoma kuanzia pale, nikiwa bado na hasira. Pilato anauliza: wewe ndiwe mfalme wa Wayahudi? Yesu hamjibu ndiyo wala siyo. Anamuuliza: unasema hivi kwa nafsi yako, au watu wengine walikuambia habari zangu?

Nilisoma aya hiyo nikaweka Biblia chini. Nikaichukua tena, nikaisoma kwa sauti.

Sura hii nimeisoma kila Pasaka tangu nijue kusoma. Siku zote nilipita hapo mbio kuelekea lile swali maarufu la Pilato, kweli ni nini, maana ndilo linalohubiriwa. Aya ya 34 sikuwahi kusimama juu yake. Nikaangalia picha. Mbele inaishia aya ya 33, nyuma inaanzia ya 37, na aya ya 34 haipo. Imekatika pamoja na ile sehemu ya karatasi iliyopotea, miaka mingi kabla yetu. Nilikaa muda mrefu nikipitisha kidole kwenye ule ukingo uliochanika wa picha.

Sikulala vizuri, lakini haukuwa ule ukosefu wa usingizi wa siku zilizotangulia. Nilichukua daftari la watoto lililobaki kurasa, nikaandika juu: Kwa nini Yesu alikufa? Nikajaribu kuandika bila kutumia neno hata moja nililofundishwa. Saa nzima nilipata mstari mmoja na nusu.

Nililowaza pia ni hili. Ile kanuni ya imani tunayoikiri, ile ya Nikea kama ilivyokamilishwa mwaka 381, inasema alisulubiwa kwa ajili yetu. Kwa ajili yetu, kisha inaendelea mbele. Haielezi ilivyofanya kazi. Zilipita zaidi ya miaka 700 ndipo mwanateolojia Anselm wa Canterbury akamaliza, mwaka 1098, kitabu kizima cha kulijibu swali hilo, na Abelard, mwanateolojia mwingine aliyekuja nyuma yake, hakuridhika nacho, akaona uzito uko kwenye upendo unaowasha upendo ndani yetu. Watu walioipenda imani hii kuliko mimi walilishika swali na kulishindania. Hata kozi hii, mzee alitueleza siku ya kwanza, ilianza mwaka 1977 katika kanisa la Holy Trinity Brompton, London, kwa ajili ya waumini wachanga, na miaka ya 1990 chini ya kasisi Nicky Gumbel ndipo ikafunguliwa hasa kwa wasiokwenda kanisani. Nilisikia hilo na nikaendelea kujiita msindikizaji.

Leo nilifika mapema. Binti alikuwa tayari ukumbini, anapanga vikombe. Moyo ulinienda mbio kama naenda kuomba msamaha, na sijui msamaha wa nini. Nikamwambia, "Swali lako la wiki iliyopita limenisumbua."

Akashtuka. Akaweka vikombe chini. "Lipi, dada?"

Nikamrudia. Akaweka mkono mdomoni. "Pole. Nilikuwa naangalia kidole chako."

Sikuelewa. Akanionyesha, juu ya meza tupu. Akakunja kidole cha shahada akagonga kwa kifundo, polepole, neno kwa neno, ali-je-ru-hi-wa, jinsi alivyonikumbuka nikisema. "Ulikuwa unagonga hivi mpaka mwisho. Nikawaza, huyu kuna mtu alimfundisha akiwa mdogo. Nikataka kumjua huyo mtu. Mimi hakuna aliyenipa neno lolote la kushika. Nilikuonea wivu."

Sikujua kwamba nagonga. Miaka yote hii sikujua. Niliutazama mkono wangu kana kwamba nimekabidhiwa muda huohuo.

"Ni baba," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya vikombe vyote vile. Nikamsimulia taa, meza, lile kovu lililozunguka kidole. Alisikiliza kama mtoto anayesikiliza hadithi. Halafu akauliza, taratibu, "Na alipofariki, lilikutosha?"

Safari hii sikutafuta jibu la Biblia. Nilimwambia ule mstari mmoja na nusu wa kwenye daftari. Kwamba nilipokuwa nimemshika baba mkono usiku ule wa mwisho, nisingeweza kusema na Mungu ambaye hajui kufa kulivyo. Na kwamba niliweza kusema naye. Ile nusu ya pili inaanza na neno "lakini", nami bado sijajua inakwenda wapi, nayo nikamwambia hivyohivyo.

Hakusema "sawa". Alichukua vikombe vitano, akanipa vitano, tukapanga.

Somo la leo lilikuwa juu ya imani, tunawezaje kuwa na hakika. Mzuri sana mjadala, nitauandika siku nyingine. Baba watoto aliongea kwa mara ya kwanza mezani, na alichosema ni chake, sitakiweka hapa. Kijana wa dirishani bado amekwama palepale, na anakuja.

Ni usiku sana sasa na kuna jambo jingine linanikaa kooni. Tuliporudi tulimkuta wa pili wetu hajalala, anamsomea babu yake. Alikuwa ameleta kitabu karibu kabisa na pua. Nilimwambia akiweke mbali kidogo, akakiweka, akanyamaza, akakirudisha. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu muhula uliopita, na kwamba ubaoni huwa ananakili kutoka kwa jirani yake. Muhula mzima. Mwalimu wake aliniandikia kwamba mtoto haweki mawazo darasani, nami nikamkalisha nikamkaripia. Kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nampeleka akapimwe macho.