Sukari kwa Mtoto Anayeharisha

Masika yalikuwa yamefurisha vyoo vya Majengo, na maji ya mikokoteni tuliyokuwa tukinunua hakuna aliyejua yametekwa wapi. Mdogo wangu, hajatimiza hata miaka miwili, aliharisha usiku kucha. Kufika asubuhi macho yameingia ndani, analia bila machozi.

Mama akapasua pakiti ya ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, akaikoroga kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Bibi akachovya kidole, akaonja.

"Hii ina sukari! Mtoto tumbo lamwenda, nawe wampa sukari? Mtilie chumvi peke yake."

Mjomba ni tabibu, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani. "Mama, chumvi peke yake haitoshi." Akaokota tende sahanini, akagusanisha vifundo vya mikono, viganja vikiwa wazi kwa juu. Tende akaiweka katikati. Vidole vikaifumba, kisha vifundo vikaachana na tende ikamwangukia mapajani.

"Mlango wa utumbo ndivyo ulivyo. Haufunguki pande zote mbili kwa pamoja."

Mlango wenyewe ni protini iliyopenya utando wa seli za utumbo mwembamba, iitwayo SGLT1. Sodiamu ya chumvi hunasa kwanza, chembe mbili, halafu glukosi moja, ndiyo sukari yenyewe. Hapo protini hujipinda: nje inafunga, ndani inafunguka. Ndani ya seli sodiamu ni chache, kwa hiyo huvutika kuingia na kuiburuta sukari, na maji yakafuata. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji, lakini mlango huu haiuharibu. Mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alilieleza wazo la sodiamu na glukosi kuingia pamoja mwaka 1960, huko Prague. Kitabu chetu cha baiolojia kilichora mshale mmoja tu unaokatiza utando, basi.

Bibi hakukubali upesi. "Na hiyo sukari ikizidi?"

"Ikizidi yavuta maji yatoke. Ndiyo maana hatuongezi."

Kumbe swali la bibi lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza glukosi ya ORS kutoka milimoli 111 kwa lita hadi 75, na sodiamu kutoka 90 hadi 75, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi ulipunguza choo na kutapika.

Tukampa mtoto kijiko kimoja kimoja. Alipotapika, mama alingoja dakika kumi akaanza tena. Kuharisha hakukukoma siku hiyo, na mjomba alishatuonya: kazi ya ORS ni kurudisha maji, si kufunga tumbo. Baada ya alasiri mtoto akakojoa, akamlilia mama ziwa. Bibi akanipa pesa nikimbilie dukani kununua pakiti nyingine.