Meza, Mvinyo na Vilima vya Lisbon

Leo nimezunguka Lisbon kutwa nzima kwa baiskeli ya umeme. Nilianzia Alfama, mtaa mkongwe ulionusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la 1 Novemba 1755, na vichochoro vyake vinajipinda vile vile kama vya Mji wa Kale, Mombasa. Unakanyaga pedali, mota inaitika, kilima kinalainika. Kwa sheria za Ulaya mota huacha kukusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, mwendo ambao huku kwenye mawe na ngazi huuoti. Cha kuogopa ni reli za tramu. Gurudumu likizama katika ufa wa reli, umeanguka, kwa hiyo nilizikata kwa kukingama, sikuthubutu kwenda nazo sambamba.

Mbele ya kanisa moja dogo nikasoma neno igreja, nikasimama. Ndilo hilo lililofika kwetu likawa gereza. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza nao waliitumia kama jela hadi 1958. Kwao nyumba ya ibada, kwetu kufuli. Neno hilo lilinifuata njia nzima.

Mchana nikateremka hadi mto Tejo, nikashika njia ya baiskeli ya kwenda Belém. Ni tambarare, nikapunguza nguvu ya mota ili chaji inifikishe. Upepo wa Atlantiki ulikuwa na chumvi niijuayo.

Ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, aliyeng'oa nanga hapa Julai 1497, akafika Malindi Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Sanamu yake imelala juu ya jiwe, viganja vimekutanishwa kwa sala. Nilikuja na hasira. Nilipokuwa pale, aliyenijia moyoni ni yule rubani. Kaburi lake sijawahi kuoneshwa.

Jioni nilirudisha baiskeli kwanza, ndipo nikatafuta mvinyo. Mgahawa ulikuwa mdogo, moshi wa mkaa hadi barabarani. Nikaletewa dagaa wakubwa waitwao sardinha, wamechomwa na chumvi ya mawe tu, juu ya kipande cha mkate kinachonywa mafuta yao. Mkate ule nisingemwachia mtu. Pamoja nao vinho verde, mvinyo mchanga wa kaskazini, mwepesi, mkali kidogo kama ndimu, wenye viputo ulimini.

Vinho, mvinyo. Mwenye mgahawa alipoigonga meza na kuiita mesa, nikamwambia kwetu pia ni meza. Akavuta kiti. Nikamtajia leso, bendera, karata, naye akihesabu kwa vidole, uso umemchangamka. Nikasita, kisha nikamwambia na gereza, na maana yake.

Akanyamaza. Akainua chupa, akanijazia bilauri, akajijazia na yake.