Pini ya 12

Siku tatu nzima nilisoma herufi nono, kama zimevimba. Monita yangu ina pikseli 1920 kwa 1080, lakini kompyuta iling'ang'ania 1024 kwa 768 na kuivuta picha hadi duara likawa yai. Kwenye mipangilio hakukuwa na chaguo kubwa zaidi ya hilo. Nikasasisha draiva ya kadi ya michoro, nikawasha upya. Wapi!

Natumia mfumo wa Linux, kwa hiyo nikageukia xrandr, programu ya amri inayopanga ukubwa wa picha kwenye kioo. Amri ya "cvt 1920 1080" ilinipa mstari mrefu wa tarakimu unaoeleza kipimo hicho. Nikauingiza kwa --newmode, nikauambatisha na VGA-1, yaani tundu la kebo ya monita, kwa --addmode, kisha nikauwasha kwa --output. Kioo kikapepesa, kikatulia, herufi zikawa safi kama zimechapwa leo. Furaha yangu iliishia nilipozima mashine. Asubuhi, yai limerudi.

Ningeweza kuzipanga amri hizo zijiendeshe kila nikiwasha, ila moyo ulikataa. Monita hujitambulisha yenyewe: hutuma taarifa fupi iitwayo EDID, inayotaja vipimo inavyovimudu. Kwenye kebo ya VGA taarifa hiyo hupitia pini ya 12 na ya 15. Nikachomoa kebo, nikaimulika kwa tochi. Pini ya 9 haikuwapo (kebo nyingi hazina, usishtuke). Ya 12 ilikuwa imelala chali.

Nilijaribu kuinyoosha kwa kibano, ikakatika. Nikachukua kebo nyingine, na 1920 kwa 1080 ikajichagua kabla sijagusa kipanya.