Mpishe mgeni

Nianze na yale makubwa niyamalize. Jumatatu niliitwa ndani nikaambiwa nikaimu umeneja wa tawi hadi wapate mtu, Mwende amethibitisha kwamba Desemba anakuja kutoka Doha, na kesi ya shamba la Baba imeahirishwa tena. Basi. Sasa nije kwa kinachoninyima usingizi tangu Jumamosi, nacho ni maneno ya dereva.

Mnakumbuka Mwende aliapa kwamba nikifika arobaini hataninunulia sufuria. Kweli hakununua. Alikaa na simu yake huko Doha akanilipia safari ya nusu siku ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, viti viwili, gari la kuchangia na watalii. Baba Tito alikuwa na zamu, nikaenda na Tito. Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa langoni Lang'ata Road, mimi na thamosi yangu ya chai, Tito na sweta ya shule kwa sababu ile nyingine aliisahau kwa kina Kevo. Ndani ya gari tulikuta mume na mke kutoka Denmark waliooana juzi juzi, na mzee mmoja Mholanzi mwenye kamera ya lenzi ndefu aliyoipakata njia nzima. Dereva, ambaye pia ndiye mwelekezi, ni kijana mrefu, nadhifu, mwenye adabu. Nasema hivyo mapema ili msidhani ni mtu wa jeuri. Angekuwa wa jeuri ningemjibu palepale na leo nisingekuwa naandika.

Redio ikakoroma, Tito akasikia mtu akisema "sharubu" upande wa bwawa la Athi. Gari likageuka. Tulipofika palikuwa na magari mengine kadhaa yamejipanga, na pembeni mwa njia, kwenye nyasi, simba jike amelala ubavu. Nilisimama, nikatoa kichwa kupitia paa lililoinuliwa. Nikaona mgongo. Nikaona sikio likitikisika kufukuza nzi. Nikawa nasubiri ainue uso.

"Mama, mpishe mgeni kidogo apige picha."

Nikamwambia, "Na mimi bado sijamwona vizuri."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe ni mwenyeji, mama. Hawa ni wako, utawaona siku zote."

Nikapisha, shingo upande. Mzee akachukua nafasi na lenzi yake. Na Tito, kwa ile sauti yake ambayo mwalimu wake ameshaniandikia barua juu yake, akauliza gari zima likisikia: "Mama, kwani sisi huwa tunawaona siku gani?"

Hakuna aliyejibu. Wadenmaki hawakuelewa, heri yao. Dereva alielewa, akajifanya anasikiliza redio.

Tangu hapo nimeshajibu mara nyingi sana. Nimejibu nikiosha vyombo. Nimejibu ndani ya matatu hadi abiria wa pembeni akanitazama. Majibu yenyewe yanabadilika. Kuna la upole: "Mwanangu, nimezaliwa Pumwani, nimesoma hapa, nimeolewa hapa, na hii ndiyo siku yangu ya kwanza kupita lile lango." Kuna la hesabu: "Kiti changu kimelipiwa kama chake." Hili nililipenda mpaka Baba Tito aliponikumbusha kwamba aliyelipa ni Mwende. Kuna lingine nililolipata Jumanne usiku, nikakaa kitandani kabisa: "Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, huyu mbona siku ya kwanza mnampa simba?" Hilo lingetosha. Lingekuja Jumamosi saa mbili asubuhi, ningelala kama watu wengine.

Maana hebu tuulizane, mimi wanyama nawaona lini? Kila asubuhi naiacha Rongai, napita Magadi Road, na kando ya uzio kuna ngiri wamepiga magoti wanakula nyasi. Nyani nawaona, na nyani nao wananiona, hasa nikishika ndizi. Siku tukipita Southern Bypass, ukibahatika na dereva asiyekimbia, unaweza kuona shingo ya twiga huko mbali. Basi. Hifadhi ina kilomita za mraba 117, imefunguliwa tangu 1946, ya kwanza nchini, iko umbali wa kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji, na mimi nimeizunguka kwa nje maisha yangu yote. Tukiwa shule ya msingi darasa letu lilipelekwa pale kwenye kituo cha wanyama yatima langoni, tukatazama simba wa nyuma ya waya, tukala mkate na soda, tukarudi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema nimeenda "National Park". Sote tulikuwa tukisema hivyo.

Nisimnyime kijana haki yake, kazi anaijua. Wadenmaki walipouliza ndovu wako wapi, aliwaeleza bila kuwachokoza kwamba eneo ni dogo mno kwa ndovu, na walioko ni wale watoto yatima wanaolelewa hadi wafikie umri wa kupelekwa Tsavo. Alituonyesha kifaru mweusi kwenye vichaka ambapo mimi nilikuwa nimeona jiwe. Alituonyesha karani tamba akitembea na ile suruali yake nyeusi ya kukata magotini. Pofu, kongoni, nyati, mbuni, wote aliwataja kwanza kwa Kiingereza kisha akageuka kumwambia Tito kwa Kiswahili, na Tito akawa anaandika kwenye daftari. Kifaru kaandikwa mara mbili.

Tulisimama pia pale pembe za ndovu zilipochomwa. Rais Moi aliwasha moto 1989, tani 12, na Aprili 2016 zikachomwa tani 105 pamoja na pembe za kifaru. Majivu yako pale hadi leo. Bibi harusi wa Denmark alifuta machozi, na dereva akapunguza sauti. Mimi nikikumbuka Aprili ile nakumbuka mtaa wa Huruma, hapa hapa Nairobi. Jengo lile liliporomoka usiku wa Ijumaa kwenye mvua kubwa, na moto wa pembe ulikuwa kesho yake. Kwenye televisheni walikuwa wakitoka hapa wanaenda kule, wanatoka kule wanarudi hapa. Sikumwambia mtu. Ingekuwa kama kumwagia maji chozi la mtu.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitasema neno na dereva hadi mwisho. Kwenye mabwawa ya viboko, ambapo unashuka na kutembea na askari mwenye bunduki, yeye ndiye aliyekuja. Alimvisha Tito darubini yake shingoni, kisha akaniuliza, "Mama, mnaishi upande gani?"

"Rongai."

"Ah! Mimi niko Tuala. Sisi ni majirani basi."

Akaanza kusimulia. Kwao ni ng'ambo ya mto Mbagathi, upande ambao hifadhi haina uzio. Pande tatu zimezungushiwa, upande wa kusini uko wazi ili wanyama wapate kutoka kwenda nyanda za Athi na Kapiti na kurudi, ingawa huko nako ploti zimejaa, kila mtu na ukuta wake, na nyumbu wanaopita siku hizi si wale babake aliokuwa akiwahadithia. Simba hawajasikia habari ya ploti. "Simba akivuka Mbagathi hakatiwi tiketi," akasema. Boma la babake lina zile taa za kuwaka na kuzima usiku, alizozibuni Richard Turere wa Kitengela akiwa bado mvulana, simba wadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Kabla ya taa walipoteza kondoo. Baada ya taa wamepoteza wachache zaidi.

Kwa hiyo nikajiambia, huyu aliposema siku zote, alikuwa anasema kweli yake. Huko kwao mwenyeji ni yule anayemsikia simba usiku akahesabu mbuzi. Akaniona Mkenya, akanihesabu miongoni mwa watu wake, akaniomba kama unavyomwomba dada yako akusogezee kiti mgeni aketi. Hiyo nayo ni heshima, ukiitazama kwa upande huo.

Nikaitazama kwa upande huo mpaka tukafika barabarani, nikaona Mholanzi akimpa kijana noti ya Euro iliyokunjwa, nikageuka tena upande wa kwanza.

Ndivyo wiki ilivyokwenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyu mwenyeji hakupona kitu. Kazini nilimsimulia Bi. Halima, akaniuliza kwani nilitaka kumwona simba wa nini. Baba Tito aliacha kunisikiliza Jumapili mchana. Tito ndiye aliyezidisha, maana kila anayekuja nyumbani humsimulia safari, na kwenye hadithi yake tukifika kwa simba husema, "Mama alimpa yule mzee simba wake." Anasema kwa fahari kabisa, kama mtu aliyetoa mchango kanisani.

Jumatano nikampigia Mama kumwambia habari za umeneja. Akafurahi, akaomba kidogo, akauliza mshahara unapanda au ni jina tu. Kisha nikamwagia lile la dereva. Nilimwelezea lote, hadi sikio na nzi. Akanyamaza. Nikadhani anasikitika kwa niaba yangu. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi hapa Mtito Andei nilipokutana na simba njiani naenda kuteka maji, alinipisha nani?"

Sikuwa na jibu.

"Sikulipa kitu. Na sikutaka kumwona vizuri. Niliacha mtungi palepale, na kiatu kimoja."

Nikaanza kucheka. Akaendelea: angetokea Mholanzi hapo, yeye Mama angempisha mwenyewe, angempa na kile kiatu cha pili. Ndovu waliomlia mahindi mwaka juzi nao angewagawa, achague mgeni anayetaka. Nilicheka hadi mlinzi wa benki ya jirani akaja kuchungulia dirishani, meneja wa siku tatu ameweka kichwa mezani anatetemeka mabega. Mama hupenda kunimaliza akiwa ametulia hivyo. Mwisho akasema, "Huyo kijana mshukuru," akakata simu kwa sababu salio la kucheka lilikuwa langu.

Jioni ile nikagundua nimefika stendi bila kumjibu dereva hata mara moja. Badala yake nilikuwa nikiikumbuka ile saa ya mwisho, tuliposimama karibu na daraja la reli ya kisasa. Wengi tulipiga kelele lilipojengwa kukatiza ndani ya hifadhi, na bado sijui kama lilipaswa kupita pale. Lakini twiga walikuwa chini ya nguzo, wanakula migunga, na treni ikapita juu. Hawakuinua hata kichwa. Tito alipunga mikono yote miwili. "Wale wa kwenye treni wanatuona?" akaniuliza, na nikamwambia ndiyo, sisi pamoja na twiga. Aliendelea kupunga hata behewa la mwisho lilipokwisha kupita. Saa nne tulikuwa tumeshatoka, Lang'ata Road imefungana, mtu anauza vitambaa vya gari.

Halafu Alhamisi ikaingia barua pepe. Mzee Mholanzi alichukua anwani yangu pale mwisho, akaahidi kututumia picha ya simba, nami nilimpa kwa sababu ya Tito tu. Nimeifungua. Lenzi yote ile, nafasi yangu yote ile, na alichopata ni nyasi, mkia, na nusu ya sikio. Ameomba radhi kwa maandishi, anasema simba hakugeuka kabisa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi hata nikaichapisha kazini kwa wino wa rangi, nikiwa kaimu meneja, na sasa iko kwenye jokofu chini ya sumaku ya M-Pesa. Tito anawaonyesha watu: huyu ndiye simba Mama alimpa mzee.

Wanaouliza kama niwaambie waende: nendeni. Nendeni alfajiri, mbebe sweta, na mkikodi gari lenu wenyewe mkiwa watano au sita itawatoka nafuu kuliko mnavyofikiri, na hakuna atakayewaambia mpishe mtu.

Kilichobaki ni kwamba karibu na nyumbani wanachimba msingi, ploti ya upande wa jikoni, ghorofa sita wanasema, na mashine inaanza saa moja asubuhi. Wiki iliyopita nilisogeza kabati nikaona ufa ukutani, mwembamba, nikautia alama ya penseli pale unapoishia. Leo nimesogeza tena kabati. Umepita alama, si kwa mengi, kama upana wa kidole. Mwenye nyumba hashiki simu. Karetaka anasema ni plasta tu. Baba Tito amesema kesho atapiga picha na tepu ya kupimia ionekane, tumtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp, na asipojibu hadi Jumatatu itabidi niombe ruhusa niende ofisi za kaunti, wiki yangu ya kwanza kamili ya kukaimu, na sijui huko Kajiado huanzia dirisha lipi.